Kuuza vifaa vya mtoto vilivyotumika: kuanzia kuvichambua hadi kumkabidhi mnunuzi

Mtoto hukua haraka kuliko vitu vyake vinavyochakaa. Kitanda kidogo cha pembeni hutumika miezi mitano au sita, beseni la kuogea huwa dogo kabla hata rangi haijafifia, na zile bembea za umeme, wapo watoto wanaolia kila wakiwekwa humo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana chumba hujaa vitu vizima visivyo na kazi.

Kuviuza si kazi ngumu, ila kuna jambo linaloitofautisha na kuuza meza au simu. Anayenunua anatafuta kitu cha kumlaza, kumketisha au kumfunga mtoto wake, na ana hofu hata asipoisema. Akikuuliza "kwa nini unauza?", mara nyingi anachotaka kujua ni kama kuna kitu umemficha. Ukimtoa hofu hiyo kabla hajauliza, umeshauza.

Hatua ya 1: Chambua cha kuuza na kisichouzika

Anza hapa, kabla ya sabuni na kabla ya picha. Kuna vitu vinaonekana vizima kabisa lakini havifai kwenda kwa mtoto wa mtu mwingine.

Kiti cha gari ndicho cha kukiangalia kwa ukali zaidi. Kipindue. Kwenye plastiki ya chini au ya mgongoni utaona tarehe ya kutengenezwa, ama imeandikwa kwenye lebo, ama imechongwa kama saa ndogo: duara lenye namba za miezi pembeni, mshale katikati, na tarakimu za mwaka kushoto na kulia kwa mshale. Viwanda vingi huweka ukomo wa matumizi kati ya miaka 6 na 10 tangu tarehe hiyo, kwa kuwa plastiki huchoshwa na jua na joto la ndani ya gari, na viwango vyenyewe hubadilika. Kiwango cha usalama wa viti hivi cha R129, kinachojulikana sana kama i-Size, kilianza kutumika 2013, na tangu Septemba 2024 maduka ya Umoja wa Ulaya hayauzi tena viti vipya vya kiwango cha zamani cha R44, ingawa waliokuwa navyo wanaendelea kuvitumia. Mnunuzi anayefuatilia mambo haya ataiulizia lebo. Kama imebanduka, huna cha kumwonyesha.

Halafu kuna suala la ajali. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogongwa hakiuzwi, hata kama hakina ufa unaoonekana. Kwako mwenyewe unaweza kuendelea kukitumia baada ya mgongano mdogo kama kijitabu chake kinaruhusu. Kumuuzia mtu mwingine ni habari nyingine. Na kama nawe ulikinunua kwa mtu na hujui kilipopita, basi huna la kumhakikishia mnunuzi, na ni afadhali kisiuzwe.

Vitanda vina mambo yake. Vile vyenye ubavu unaoshuka na kupanda vilipigwa marufuku Marekani kuanzia 28 Juni 2011, hata vilivyotumika, baada ya watoto kunaswa kwenye mwanya unaojitokeza ubavu unapolegea. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Watu wengi hupima kwa kopo la soda, eti likipita ni hatari. Lakini kopo la kawaida lina upana wa karibu sentimita 6.6, kwa hiyo linaweza kukwama kwenye nafasi ambayo tayari imezidi. Tumia rula. Kitanda cha kurithi kilichopakwa rangi zamani nacho kikutie wasiwasi: Marekani ilikataza rangi za nyumbani zenye madini ya risasi mwaka 1978, maana yake kabla ya hapo zilikuwa za kawaida, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda kama panya.

Godoro mimi siuzi pamoja na kitanda. Utafiti mmoja wa Scotland uliochapishwa 2002 ulikuta uhusiano kati ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga na kulala kwenye godoro lililokwisha kutumiwa na mtoto mwingine, hasa lililotoka nyumba nyingine. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, lakini godoro jipya si gharama ya kumfanya mtu aache kununua kitanda.

Kwenye kundi hilohilo la visivyouzika weka vitanda vya kuegemea vyenye mwinuko wa zaidi ya nyuzi 10 vilivyokuwa vikiuzwa vya kulalia, pamoja na mito ya kuzungushia kitanda. Vyote viwili vilipigwa marufuku Marekani kwa sheria ya mwaka 2022. Kile kiti cha magurudumu ambacho mtoto hujisukuma nacho kabla hajajua kutembea kilikatazwa Kanada mwaka 2004, mpaka cha mtumba. Chuchu bandia za kumtuliza mtoto na chuchu za chupa zitupwe. Pampu ya kukamulia maziwa nayo iache, isipokuwa kama kiwanda kimesema wazi kwamba imetengenezwa kwa watumiaji wengi, kwa sababu zile za kawaida maziwa yanaweza kupenya hadi kwenye mota, mahali ambapo mkono wala maji ya moto havifiki.

Kilichobaki baada ya hapo, chukua jina la modeli na namba yake kwenye lebo, utafute mtandaoni kama kiwanda kiliwahi kutangaza kirudishwe kwa kasoro. Marekani orodha hiyo ipo kwa tume ya usalama wa bidhaa, CPSC. Ulaya ipo kwenye tovuti ya Safety Gate. Na OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, ina tovuti inayokusanya matangazo ya nchi nyingi mahali pamoja. Ni kazi ya dakika tano kwa kila kifaa. Wakati mwingine kasoro yenyewe hutibiwa kwa kipande kidogo ambacho kiwanda hukituma bure. Kiombe, kifunge, kisha useme kwenye tangazo kwamba umekifunga. Maneno hayo yana uzito kuliko "kama kipya".

Hatua ya 2: Safisha mpaka kwenye mishono

Kigari cha kwanza cha kusukumia mtoto nilichouza nilikifuta kikang'aa. Mama aliyekuja kukitazama hakugusa mpini wala magurudumu. Alifungua zipu ya kiti, akakunja kitambaa nje ndani, akakung'uta mara moja. Makombo ya biskuti yakamwagika kwenye viatu vyangu, na nadhani kulikuwa na zabibu kavu moja. Hakusema neno. Alinunua, lakini kwa bei yake.

Tangu siku hiyo naanzia mahali alipoanzia yeye. Vua vitambaa vyote vinavyovuliwa, na upige picha kabla ya kuvua ili ujue mikanda ilipita wapi. Fua kwa sabuni isiyo na manukato. Harufu kali ya sabuni humfanya mnunuzi ajiulize inafunika nini, na watoto wengine ngozi zao hazipatani nayo. Anika mpaka sponji ya ndani ikauke kabisa, si kitambaa cha juu tu. Kifaa kilichokunjwa na unyevu ndani yake hurudi na madoa meusi ya kuvu baada ya wiki moja, na kuvu iliyoingia kwenye sponji haitoki. Kiti cha namna hiyo kihamishie upande wa visivyouzika. Na usiharakishe kwa kuchanganya dawa ya klorini na siki, mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mikanda ya kiti cha gari haifuliwi kwa mashine, hailowekwi, haipigwi pasi, wala haiguswi na dawa ya kung'arisha nguo. Nyuzi zake zikidhoofika, mkanda hautamshika mtoto siku ya siku. Tumia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, futa kwa kufuata urefu wa mkanda, kisha futa kwa maji matupu. Kifungio chenyewe mara nyingi hukwama kwa maziwa yaliyoganda na chembe za chakula. Kishike kikiangalia chini, mimina maji ya uvuguvugu ndani yake, kitikise, ubonyeze kitufe mara kadhaa, rudia. Kikiwa safi utasikia "kliki" moja kavu kila ukifunga. Usitie mafuta, hunasa uchafu na kukwamisha zaidi.

Hatua ya 3: Kaza, jaribu, kamilisha

Gurudumu linalolia au kukwama kwa kawaida halijaharibika. Lichomoe, utazame ekseli: utakuta nywele na nyuzi zimejiviringisha mpaka zimekuwa kama pete. Zikate kwa wembe, vuta kwa kibano, paka tone la mafuta ya silikoni, rudisha. Ni kazi ya robo saa, na kigari kinasukumika kwa kidole kimoja.

Kaza nati na skrubu zote. Jaribu breki kwa kukiweka kigari kwenye mteremko kikiwa na mzigo wa kilo kumi hivi, si kwa kukisukuma sebuleni kikiwa kitupu. Kifungue na kukikunja mara tano mfululizo. Kufuli ya kukunjia ikiteleza hata mara moja, kifaa hicho hakiendi kwa mtu. Vifaa vya betri vifanye kazi mbele yako kwa nusu saa, kisha uangalie kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu yake, hasa kama betri ni zile bapa za mviringo. Mtoto akimeza moja, inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili.

Skrubu za kitanda zitie kwenye mfuko mdogo, ubandike mfuko kwa utepe wa gundi wa karatasi kwenye moja ya mbavu za kitanda. Kijitabu cha maelekezo kikipotea, viwanda vingi vinacho kwenye tovuti, kipakue, kichape. Usitafute skrubu mbadala dukani kwa kukisia. Agiza ya kiwandani au usikiuze.

Hatua ya 4: Picha

Mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Tandika shuka la rangi moja nyuma, kwa sababu rundo la nguo linaloonekana pembeni humwambia mtazamaji namna kifaa kilivyotunzwa. Piga kikiwa kimefunguliwa, kikiwa kimekunjwa, lebo yenye tarehe na modeli kwa karibu hadi isomeke, halafu kila kasoro peke yake, na kidole au sarafu pembeni ili ukubwa wake uonekane. Mtoto wako asiwemo kwenye picha. Usitumie picha ya kiwandani kama picha kuu, watu wanaipita wakidhani ni tangazo la duka au la tapeli.

Hatua ya 5: Bei

Bei uliyonunulia wewe haimhusu mtu. Inayomhusu ni bei ya kifaa hicho kikiwa kipya leo, na bei ambazo vingine vya namna hiyo vimeuzwa kweli, si zile zinazoning'inia kwenye matangazo ya miezi mitatu iliyopita. Mimi huanzia nusu ya bei ya kipya kwa kigari au kitanda cha mbao kilichotunzwa vizuri, theluthi kwa viti vya kulia, bembea na mikeka ya kuchezea, na chini zaidi kwa chochote cha plastiki. Nguo moja moja hazilipi muda wako. Zifunge kwa umri, ishirini pamoja, uuze furushi. Kiti cha gari kilichobakiza miaka miwili kabla ya ukomo kiwe rahisi kuliko kilichobakiza mitano, na ueleze kuwa ndiyo sababu.

Ongeza asilimia kumi hivi ya kupunguza. Atakayeomba upunguze atakuja tu, na usipokuwa na pa kushukia mtaachana kwa hasira juu ya kiasi kidogo.

Hatua ya 6: Andika tangazo linaloanza na ukweli

Neno "kizuri sana" halimsaidii mtu. Hivi ndivyo ningeandika:

"Kigari cha mtoto cha kukunja, kijivu. Kimetengenezwa 2022, lebo ipo picha ya 4. Kimetumiwa na mtoto mmoja kwa miezi 14. Kiti kinalala kabisa, breki na mkanda vinafanya kazi, kitambaa kimefuliwa wiki hii kwa sabuni isiyo na manukato. Kasoro: mpini umechubuka upande wa kushoto, kikapu cha chini kina tundu la kupita kidole, na turubai ya mvua imepotea. Kikikunjwa kina urefu wa sm 70 na upana wa sm 50. Nyumbani hakuna anayevuta sigara. Tuna paka mmoja. Nauza kwa sababu mtoto anatembea na hataki tena kukaa."

Kasoro tatu, zote kabla mtu hajauliza. Utadhani zitafukuza watu. Zinafukuza wale ambao wangekuja, wakauona mpini, wakaondoka. Aliyebaki anakuja akiwa ameshaukubali mpini, na akifika huwa anatafuta kasoro ya nne. Asipoiona, anatoa hela. Vipimo vya kikiwa kimekunjwa watu huvisahau, ilhali mwenye gari dogo ndilo swali lake la kwanza. Na paka mtaje, kwa ajili ya mtoto mwenye pumu au mzio.

Hatua ya 7: Jibu, kutana, lipwa

Ujumbe wa kwanza karibu siku zote ni "Bado ipo?" Usijibu "ndiyo" ukanyamaza, mazungumzo hufia hapo. Jibu, "Ipo, dada. Unaihitaji lini?" Mwenye nia atataja siku. Wa pili huuliza "mwisho ngapi?" kabla hajaona chochote, huyo mwambie karibu uione kwanza, tutaelewana. Kushusha bei kwa maandishi ni kuishusha mara mbili, maana akifika ataomba tena.

Usimshikie mtu kifaa kwa ahadi tupu. Mwambie wazi kuwa unamsubiri mpaka saa fulani, baada ya hapo kinakwenda kwa anayefuata, na ufanye hivyo kweli. Hakuna ugomvi.

Kutana mchana, mahali penye watu, au mlangoni ukiwa na mtu mwingine nyumbani. Kitanda kikubwa kinachohitaji kuonwa kikiwa kimesimama kitoe mpaka sebuleni au barazani. Hakuna haja ya mgeni kuzunguka vyumbani. Mwache mnunuzi afungue na kukunja mwenyewe. Mwonyeshe mara moja, kisha mpe. Ukimfanyia kila kitu, akifika nyumbani atashindwa kukikunja na atakupigia simu usiku akidai kimeharibika.

Malipo yahesabiwe mkononi, au yaonekane kwenye salio lako unapofungua akaunti mwenyewe. Picha ya muamala kwenye simu yake si malipo, na ujumbe uliokuja kwa namba ngeni si malipo. Mtu anayesema ametuma zaidi kwa bahati mbaya na kuomba umrudishie ziada, achana naye: hicho alichotuma hakipo. Anayeomba umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako ili "athibitishe kuwa wewe ni mtu halisi" anataka kuiingia akaunti yako.

Mkimalizana, mtumie ujumbe mfupi: kifaa gani, modeli, tarehe ya kutengenezwa, kasoro mlizokubaliana, kijitabu kimekabidhiwa. Kisha ondoa tangazo siku hiyohiyo.

Vilivyobaki upande wa visivyouzika

Usiviweke nje ya geti vikiwa vizima ukidhani unamsaidia mtu, kwa sababu kuna atakayevichukua na kuvitumia. Kitanda chenye ubavu unaoshuka kifungue, uvunje mbavu zake. Kiti cha gari kilichokwisha muda vua kitambaa, kata mikanda yote kwa mkasi, na kwa kalamu nene andika kwenye plastiki, kwa herufi kubwa: KIMEKWISHA MUDA, USITUMIE. Ndipo ukitupe.